Mzunguko wa Mwisho wa Mzee wa Chanjo

Nilijifunza pikipiki kwa sababu ya matope. Nilikuwa nimepewa kazi ya kufundisha shule ya msingi upande wa Ndera, na yeyote aliyewahi kufika huko baada ya mvua anaujua ule udongo. Ni mweusi, mzito, unavuta. Ukikanyaga, unakurudishia mguu lakini kiatu unabaki nacho. Vijana wa boda walinichukua mpaka mahali fulani, wakasimama. "Mwalimu, mimi hapa nageuza," ndivyo walivyosema wote, kana kwamba wamefundishwa na mtu mmoja. Nami nashuka, nakaza leso kiunoni, viatu mkononi, mfuko wa vitabu kichwani, naanza kutembea.

Asubuhi moja nikiwa katika hali hiyo nikasikia mlio nyuma yangu. Haukuwa mlio wa boda. Boda inanguruma, hii ilikuwa inalia kwa sauti nyembamba, kama nyigu aliyefungiwa ndani ya debe. Nikageuka. Nikaona pikipiki iliyoinuka juu kama ngamia, matairi yake ya meno makubwa, tangi limechubuka rangi, nyuma inatoa moshi wa buluu wenye harufu ya oili iliyoungua. Juu yake mzee mwembamba wa Kiorma, hakuketi. Alikuwa amesimama juu ya vikanyagio, magoti kayakunja kidogo, macho mbele, naye anapita kwenye yale matope yaliyonishinda kama mtu anayepita sebuleni kwake. Akanipita, akasimama kwenye kijinundu cha ardhi kavu, akaningoja.

"Wewe ndiye mwalimu mpya?"

"Ndiyo, mzee."

"Panda. Lakini usikae kama gunia. Nikisimama, simama. Nikiinama huku, inama huku."

Nikapanda. Nilifika shuleni nikiwa na matope mpaka kwenye nyusi, nacheka peke yangu, wanafunzi wananishangaa.

Watu walimwita mzee wa chanjo. Alikuwa amestaafu kazi ya kuchanja mifugo, na pikipiki ile ndiyo aliyoifanyia kazi tangu ujana wake. Idara ya mifugo ilipoletewa pikipiki mpya, zile za zamani zikapigwa mnada, naye akainunua ya kwake. Aliniambia hakuweza kuvumilia kumwona mtu mwingine akiipanda. Alizunguka nayo maboma yote ya ng'ombe, na vilevile alikatiza mashamba ya Wapokomo kando ya mto, kwa hiyo alijulikana kote kote. Hilo si jambo dogo kwetu. Sisi Wapokomo tunalima, Waorma wanafuga, na mto ni mmoja. Kulikuwa na miaka ambayo mkulima na mfugaji hawakuketi kwenye benchi moja hotelini.

Ndiyo maana niliporudi nyumbani Idsowe wikendi ile na kumwambia mama kwamba nimepata mtu wa kunifundisha pikipiki, na nikamwambia ni nani, aliacha kupepeta mchele.

"Umekosa mwalimu mwingine wewe? Ng'ombe wao walikula mahindi ya baba yako mpaka mabua."

"Si ng'ombe wake, mama."

"Wote wana kwato nne," akasema, akaendelea kupepeta. Baada ya kitambo akaniuliza, "Na hiyo pikipiki ukianguka?"

"Nitaamka."

Nilianguka sana. Mzee alinifundishia kwenye uwanda, jioni baada ya masomo, mahali pasipo na kitu cha kugonga. Kupiga kiki peke yake kulinichukua siku nyingi. Ile mashine ilikuwa na hasira, ukiikosea ilikurudishia teke kwenye muundi. Mzee hakupaza sauti hata mara moja. Nikianguka alikuja polepole, akaitazama pikipiki kwanza, akainusa kama petroli inavuja, ndipo akanigeukia mimi. "Umeumia?" "Hapana." "Basi iinue. Aliyeiangusha ndiye anayeiinua." Nikaiinua. Mpaka leo mgongo wangu unakumbuka.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye chama cha wapanda pikipiki za zamani.

Chama chetu kilikuwa na makao kwenye hoteli moja ya Garsen yenye mabenchi nje, karibu na duka la vipuri la mwenyekiti. Mwenyekiti ni Msomali mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Alianza kwa kuwauzia wenzake plagi na nyaya za klachi, kisha akagundua kwamba wote waliokuja kutafuta vipuri vya pikipiki zile za zamani walikuwa wazee kwa wazee na walikuwa na hadithi zilezile. Akawaambia wakutane. Mmoja alikuwa na pikipiki iliyoachwa na wapimaji ardhi. Mwingine yake ilitoka kwa wamisionari. Mwingine aliiokota kwenye kituo cha mradi wa mpunga uliokufa, kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti. Hakuna pikipiki iliyokuwa na sehemu zake zote za kuzaliwa nazo. Zilikopeshana viungo. Kabureta ya huyu ilikuwa ya yule aliyefariki, spoki za yule zilitoka Malindi, silansa ilichomelewa na fundi wa majembe.

Mimi nilikuwa mwanamke pekee. Siku ya kwanza vikombe vikasimama hewani. Mwenyekiti akauliza, "Huyu walaal, huyu ndugu yetu, anaendesha, au anaendeshwa?"

"Muulize mwenyewe," mzee akajibu, "mdomo anao."

Nikawaambia naendesha. Wakanipa pikipiki iliyokuwa imelala kwenye ghala la mwenyekiti, isiyo na mwenyewe, kwa sharti kwamba niiamshe. Mzee na mimi tuliiamsha kwa muda wa msimu mzima, na ndiyo ninayoipanda hadi sasa.

Mashindano yetu yalifanyika mara moja kwa mwaka, kiangazi kikikaribia kwisha, uwanda umekauka mpaka umepasuka. Msomaji asifikirie uwanja wenye viti na bendera. Tuliweka mapipa matupu kuonyesha njia. Unatoka ukingoni mwa Garsen, unateremka kwenye bonde la mafuriko, unapita kwenye vichaka vya mathenge, mti ambao mwiba wake mmoja unamaliza tairi na mpira wake wa ndani, unavuka kijito kilichokauka, kisha unafunguka uwanda mtupu ambako unaweza kwenda kwa kasi mpaka machozi yanakwenda masikioni. Mizunguko mitatu. Zawadi ilikuwa mbuzi, na kwa kuwa mbuzi huyo aliliwa na wote siku hiyohiyo, sijui kushinda kulikuwa na faida gani. Lakini mzee wa chanjo alikuwa akishinda, na alipenda kushinda. Alikuwa mpole katika kila jambo isipokuwa hilo. Ukimpita kwenye kona alikufuata kama deni la damu. Watu walikuja kumtazama yeye. Wachungaji walisimama kwa mguu mmoja, fimbo mabegani; kina mama wa Kipokomo walileta maembe na ndizi za kuuza; na hapo, pembeni mwa mapipa, niliwaona watu wakicheka pamoja ambao nilijua fika kwamba hawasalimiani sokoni.

Mama yangu alikuja mwaka wa pili. Alisema amekuja kuuza ndizi.

Sasa nieleze la macho ya mzee.

Ilianza kwa vitu vidogo ambavyo kila mtu alivipa jina lingine. Mzee alikuwa akinyoosha mkono kuchukua kikombe, anakikumba, chai inamwagika. Tukasema uzee. Akawa hasalimii mtu aliyesimama kando yake mpaka huyo mtu aseme neno. Tukasema ana mawazo. Kisha siku moja tukiwa safarini kwa pamoja kuelekea Wenje, tumepangana foleni, yeye mbele, ndama akatoka kichakani upande wa kushoto. Alitoka wazi, polepole, ndama mweupe mchana kweupe. Sisi wote nyuma tulishika breki. Mzee hakushika. Hakupunguza mwendo, hakugeuza kichwa. Ndama aliruka nyuma mwenyewe, tairi likapita palipokuwa na pua yake.

Tulipofika tukasimama kunywa maji. Mwenyekiti akamwendea akicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Mzee, yule ndama umemkosakosa leo!"

"Ndama gani?" mzee akauliza.

Mwenyekiti akaanza kuzungumzia habari ya cheni yake.

Wiki iliyofuata tukakutana hotelini bila yeye. Ilikuwa mara ya kwanza, na tulikaa kama watu waliokuja kumsengenya baba yao. Mashindano yalikuwa karibu. Mwenyekiti akasema lazima mtu akamwambie mzee asipande. Mmoja akasema yeye ni mkwe wa ukoo ule, haifai. Mwingine akasema yeye ni mdogo kwa umri. Mwingine akasema mzee alimchanjia ng'ombe baba yake bure wakati wa ukame, atamtazamaje usoni? Mwisho wote wakanigeukia.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema kwa upole usio wake, "wewe ndiye umezoea kuwaambia watu wamefeli."

Nikaenda kesho yake alasiri. Nilimkuta mzee uani kwake ameiegemeza pikipiki kwenye gogo, anasugua plagi kwa kipande cha msasa. Mke wake akaniletea chai ya maziwa matupu, tamu, yenye harufu ya moshi wa kibuyu, akaketi mlangoni akisuka mkeka. Nilizungumza habari za shule. Nikazungumza habari za mvua. Nikazungumza habari za bei ya petroli, ambazo hata mimi mwenyewe zilinichosha. Mzee akaiweka plagi chini.

"Wamekutuma," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Sema basi. Mtu aliyetumwa akirudi na ujumbe mdomoni, unamwozea."

Nikamwambia. Nilisema kwamba tulimwona na yule ndama. Kwamba tunaogopa. Kwamba kama si ndama kesho ni mtoto, na kama si mtoto ni yeye mwenyewe, na hakuna hata mmoja kati yetu anayetaka kumbeba kutoka uwandani akiwa amefunikwa shuka. Nilisema yote bila kupumzika, na nilipomaliza nikagundua nimekishika kikombe kwa mikono miwili kama mgonjwa.

Kuku walipita katikati yetu.

"Nilikwenda Malindi," akasema hatimaye. "Kwa daktari wa macho. Akasema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Amenipa dawa ya matone ili kilichobaki kibaki." Akainua mikono, akakunja viganja vyote viwili kama bomba, akaviweka machoni, akanielekezea. "Naona hivi. Wewe nakuona vizuri, nakuona una matope kwenye shavu. Lakini huyu mama hapo mlangoni simwoni. Ni kama ukuta umekuja huku na huku, na kila mwezi unasogea."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngefanya nini? Mngenituma kwa nani?"

Mke wake akazungumza bila kuinua macho kwenye mkeka. "Mimi nilijua kabla yake. Alianza kunikanyaga. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kunikanyaga, mara ananikanyaga kila siku na kuniomba radhi kama mgeni." Akavuta ukindu, akaukata kwa meno. "Lakini nyinyi mnataka mumtoe kwenye hiyo mashine mnirudishie nyumbani mchana kutwa? Mmefikiria na mimi?"

Mzee akacheka. Kisha kicheko kikageuka kitu kingine, akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta ile plagi chini, na mimi nikamwacha aitafute. Ilikuwa mbele ya mguu wake wa kulia. Mke wake aliinuka, akaiokota, akamwekea mkononi, akarudi kwenye mkeka wake.

Nilipoaga akanishika mkono. "Waambie sitashindana," akasema. "Sitaki kumuua mtoto wa mtu. Lakini waambie nataka kuuzunguka uwanda mara moja. Peke yangu, kabla yenu. Nikishamaliza nitashuka mwenyewe. Sitaki kushushwa."

Niliurudisha ujumbe. Chama kilibishana siku mbili. Waliokataa walikuwa na haki na waliokubali walikuwa na haki, na hiyo ndiyo shida ya mambo ya namna hii. Mwishowe mwenyekiti ndiye aliyepata njia. Tufunge njia ya vichaka, akasema; mzee asipite kwenye mathenge wala kijitoni. Apite uwandani tu, mahali peupe. Wachungaji waombwe kuondoa ng'ombe. Na mtu aende mbele yake, amevaa kitu cha kuonekana, kwa kuwa mbele bado anaona.

"Nani?" wakauliza.

Hata mimi nilijua jibu. Mama yangu alipopata habari, alifungua sanduku lake akatoa leso nyekundu, nyekundu ya kupiga macho, ambayo hakuwahi kuivaa. Akaikata katikati na kuishona kwenye mgongo wa koti langu kwa mkono, akiuma uzi kwa meno. "Hayo mahindi ya baba yako yamekwisha kusahaulika," akasema, ingawa sikuwa nimemuuliza. "Mzee wa watu asije akapotea."

Siku hiyo watu walikuwa wengi kuliko mwaka wowote. Habari ilikuwa imezunguka. Mzee alikuja ameisukuma pikipiki kutoka nyumbani kwake kwa miguu, hakukubali kusaidiwa, mkewe kando yake upande wa kushoto, upande mbaya zaidi, anamwambia mashimo. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Kofia ya kuendeshea aliivaa hapo hapo, akafunga kamba chini ya kidevu, akanitafuta kwa kuzungusha kichwa chote mpaka akanipata.

"Usiende kama mwalimu," akaniambia. "Nenda kama mtu."

Akapiga kiki. Iliwaka mara ya kwanza. Uwanja mzima ukapiga makofi, na moshi wa buluu ukatanda.

Nikatangulia. Nilikuwa nimepanga kwenda polepole, nikiwa na kioo kidogo nilichokifunga kwenye usukani ili nimwone. Tulipotoka kwenye mapipa nilimwona nyuma yangu amesimama juu ya vikanyagio, vilevile kama asubuhi ile ya matope, kichwa hakitikisiki, macho kwenye mgongo wangu. Nikaongeza kidogo. Akaongeza. Uwanda ukafunguka, vumbi likawa nyuma yetu, na ardhi ile iliyopasuka ilikuwa ikigonga matairi kwa mfululizo kama mvua juu ya mabati. Nilisahau kuogopa. Nilihisi nikiongoza kitu kikubwa na nilitaka nikiongoze vizuri, nikakwepa kila mpasuko mpana, nikachagua njia laini, nikageuka kwa upana ili apate nafasi ya kunifuata.

Tulipofika kwenye pipa la mbali, mahali pa kugeuza na kurudi, nilianza kugeuka. Nikatazama kioo. Hayumo.

Nikageuza kichwa. Alikuwa kulia kwangu, bega kwa bega, anatabasamu meno yote nje. Hakunitazama; nilikuwa pembeni, asingeniona. Alikuwa amenisikia tu, akajua nimepunguza mwendo kwa ajili ya kona, na kama nilivyosema, mzee yule alikuwa mpole katika kila jambo isipokuwa hilo. Akanipita. Hakugeuka kwenye pipa. Alinyoosha moja kwa moja, uwanda mtupu mbele yake, hakuna mapipa, hakuna njia, hakuna kitambaa cha kufuata.

Nikapiga kelele. Nikamfuata, lakini pikipiki yangu haikuwahi kuipata yake, na siku hiyo ndiyo kabisa. Alipungua akawa vumbi, kisha ule mlio wa nyigu ukawa mwembamba, kisha ukaisha. Nyuma yangu wengine walikuwa wameona na walikuwa wanakuja, wote, mwenyekiti akiwa amempakia mke wa mzee nyuma yake, yule mama amejifunga mtandio kichwani kwa nguvu, ameshikilia tumbo la mwenyekiti kwa mikono miwili.

Tulifuata alama za tairi. Zilikuwa zimenyooka kabisa, kama mstari wa rula. Hakuna mahali zilipoyumba. Nilikuwa naomba kwa lugha zote ninazozijua.

Tulimkuta mbali, upande ambao ng'ombe walikuwa wamehamishiwa ili kumpisha. Pikipiki ilikuwa imelazwa vizuri ubavuni. Yeye alikuwa ameketi chini katikati ya ng'ombe, ng'ombe wanamzunguka kwa udadisi, mchungaji mmoja mwanamke amechuchumaa mbele yake, na mikononi mwa mzee kibuyu cha maziwa. Kofia ameitundika juu ya fimbo iliyochomekwa ardhini. Petroli ilikuwa imekwisha, akatuambia, tena alikuwa ameweka kidogo makusudi ili asifike Lamu.

Tulimzunguka, hatujui tumgombeze au tumkumbatie. Mwenyekiti alikuwa analia waziwazi huku anamwita mwendawazimu kwa Kisomali. Mke wa mzee alishuka, akamwendea mumewe, akampiga kibao kimoja cha begani, cha nguvu, kisha akaketi kando yake kwenye vumbi akanyoosha mkono, akapewa kibuyu.

"Umeona nini huko mbele?" nikamuuliza nilipopata pumzi.

"Mbele tu," akasema. "Hakuna kilichokuwa pembeni hata kwa mwenye macho mazuri. Kwa mara ya kwanza tumelingana."

Tulirudi kwa kuisukuma pikipiki kwa zamu. Mashindano yalichelewa, na sikumbuki nani aliyeshinda mbuzi.

Alitimiza ahadi yake. Hakupanda tena. Kwa miezi kadhaa pikipiki ilikaa uani imefunikwa gunia, na sisi tuliomtembelea tulikwepa kuitazama. Kisha akatuita. Tulifika tukakuta ameifungua yote, nati kwa nati, kwa kupapasa, mkewe akimshikia, sehemu zote zimepangwa juu ya ule mkeka uliokuwa ukisukwa siku ile. Aligawa kama ng'ombe anavyogawanywa kwao, kila mtu na kipande kinachomstahili. Mwenyekiti akapewa tangi, kwa kuwa ana tumbo, mzee akasema. Yule mkwe wa ukoo akapewa gurudumu la mbele. Yule aliyechanjiwa ng'ombe wa babaye akapewa usukani. Mimi akanipa kabureta, imesafishwa mpaka inang'aa, imefungwa ndani ya kitambaa.

"Nisiiache ikae izeeke mahali pamoja," akasema. "Kila mwaka zikipita uwandani, nitazisikia zote. Nitajua ni kipande gani kinapita."

Tukamwambia hawezi kujua. Akasema tutaona.

Mimi bado nafundisha, sasa nimehamishiwa Garsen mjini, barabara ya lami mpaka mlangoni mwa shule, na pikipiki naipanda kwa kupenda tu. Vijana wanaitazama wanacheka, wanauliza "hii mkebe ni ya wapi," kisha wanaomba kuijaribu. Mama yangu na mke wa mzee wamekuwa watu wa kutumiana vitu: mchele unakwenda, maziwa yanakuja, na mara nyingi mbebaji ni mimi. Mvua za hivi karibuni zilikuwa kubwa, mto ulipanda ukafunika mashamba na malisho bila kuchagua, na kiangazi kilipofika uwanda ulikuwa umebadilika sura, sehemu zingine bado zina maji.

Mzee alikuja kwenye mashindano kama kawaida, akaketishwa mwanzoni mwa mapipa. Kilichobaki kwenye macho yake ni kidogo, tundu la sindano, anasema, lakini kinatosha kumwona mtu aliyeketi mbele yake na kumwambia amenenepa. Nilimaliza wa nne. Nilizima injini karibu naye, nikaketi chini, nikavua kofia. Nilikuwa nahema.

"Umechelewa kubadilisha gia ulipotoka kijitoni," akasema. "Nimekusikia."

"Kuna matope kijitoni, mzee. Maji hayajakauka."

"Mengi?"

"Mpaka kwenye kifundo."

Akasogea ili anipate mbele yake. "Niambie," akasema. "Anza ulipotoka kwenye mapipa. Usiruke kitu."

Nikamwambia.